Mpunga wa Bonde Letu: Tulichokula Zamani, Tunachotupa Leo

Ndugu wana Ifakara, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Bonde la Kilombero linajulikana kwa mpunga tangu enzi za mababu zetu, Wandamba, Wapogoro na Wambunga. Kufikia miaka ya 1930 mpunga huo ulikuwa zao la biashara, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ikaufikisha mbali zaidi. Majina ya mbegu zetu za asili wengi tunayakumbuka: Shingo ya Mwali, Kula na Bwana, Rangi Mbili, na Kihogo chenye punje nyekundu.

Zamani mpunga ulitwangwa kinuni. Mchi uliondoa ganda la nje, lakini sehemu ya pumba laini ilibaki kwenye punje. Humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya vitamini B1, madini na nyuzinyuzi za mchele, na wekundu wa Kihogo umo humo humo. Mashine zilipokuja ziliwapumzisha mama zetu kazi nzito, na hilo tunalishukuru. Ila soko likataka mchele unaong'aa, nasi tukakoboa mpaka pumba yote ikaisha. Leo pumba ni chakula cha kuku.

Na kuku ndio walioufundisha ulimwengu. Miaka ya 1890, kisiwani Java, daktari Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakilegea miguu, na wakipona walipopewa mchele wenye pumba. Ugonjwa unaofanana na huo kwa binadamu ni beriberi. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Kwa hiyo tusidanganyane: jina la mbegu peke yake halileti afya. Shingo ya Mwali iliyokobolewa ikawa nyeupe pe imepoteza virutubisho sawa na SARO 5. Wala hatumlaumu mkulima anayepanda SARO 5, maana inazaa zaidi na watoto wanahitaji ada. Lakini mbegu ya asili ikikosa mpandaji misimu michache, haioti tena, na hakuna duka la kuinunua.

Ndiyo maana harambee ya mwaka huu ina mambo mawili. La kwanza ni mashine ndogo ya roli za mpira, inayotoa ganda la nje na kuacha pumba. Mchele wa namna hiyo huharibika upesi kwa sababu pumba ina mafuta, hivyo kila kaya itahifadhi mpunga na kukoboa kidogo kidogo. La pili ni ghala la mbegu za asili, ambapo mkulima atakopa debe na kurudisha debe baada ya mavuno.

Wazee wanaozijua mbegu hizi kwa kuzitazama tu bado tunao. Tuchange wakiwa wangalipo watuonyeshe.