UZI: Ile herufi ndogo juu ya kioo cha simu yako, kati ya Ruiru na Thika

Tumerudi. Kwa wageni: hapa tunaeleza mambo yanayozozaniwa majukwaani, bila kutaja mwanasiasa wala chama. Ukitaja kwenye maoni, tunafuta. Uzi ni mrefu leo, tafuteni chai.

Leo ni mtandao wa simu. Mnajua vile huwa. Mmoja anapanda juu ya gari na kutangaza kwamba 4G imefikia zaidi ya asilimia 90 ya Wakenya. Kesho yake mpinzani anasimama papo hapo Ruiru, anainua simu: ati angalieni, hata hapa kando ya barabara kuu inaandika E! Umati unawashangilia wote wawili.

Na wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa.

Ile E ni 2G iliyoongezwa mwendo kidogo. H ni 3G. Halafu kuna 4G, na kwa wenye bahati 5G. Kwenye siasa tunazungumza kama kwamba kizazi kipya kikija cha zamani kinaondoka, kama matatu mpya inayochukua nafasi ya kuukuu. Sivyo. Vizazi hivi vinapangwa kimoja juu ya kingine, mara nyingi kwenye mnara uleule, na simu yako inapanda na kushuka kutwa nzima bila kukuuliza.

Kilichozikwa bila mtu kulia ni kizazi cha kwanza. Mwaka 1993, wakati posta na simu zilikuwa shirika moja la serikali, Kenya ilipata mtandao wa simu za mkononi wa analogi. Simu moja ilikuwa bei ya laki na zaidi, kwa hivyo waliokuwa nayo walikuwa mabwana wakubwa na wafanyabiashara. Wengine tulipanga foleni kwenye kibanda cha simu na sarafu mkononi. Shirika likavunjwa 1999, na 2000 kampuni mbili za simu zikaanza kushindana kwa 2G. Analogi ikafa kimya kimya.

2G haiwezi kufa hivyo, na sababu kubwa ilianzia Thika.

Oktoba 2005. Kampuni ya Vodafone ya Uingereza ilikuwa imepata pesa za msaada kutoka serikali ya huko, karibu pauni milioni moja, ikaongeza zake za kiasi hichohicho, ili kujaribu kitu kimoja: mtu aliyekopa kwenye shirika la mikopo midogo aweze kulipa kwa simu. Waliouongoza mradi walikuwa Nick Hughes na Susie Lonie. Washirika hapa walikuwa Safaricom, Faulu Kenya na Commercial Bank of Africa. Maduka ya wakala yalikuwa manane tu, na wateja hawakufika 500. Walichagua Mathare, katikati ya Nairobi, na Thika.

Kwa nini Thika? Ni mji wa soko, umbali wa kama saa moja kutoka Nairobi, na watu wake wako mbioni kila siku na pesa ndogo ndogo. Vikundi vya mikopo vilikuwa vimezoea kukutana, kuhesabu noti, halafu mmoja abebe mfuko hadi benki.

Wajaribu wale hawakufuata maagizo. Walipewa kitu cha kulipia mkopo, wakakitumia kwa mambo yao. Walinunua muda wa maongezi kwa njia hiyo na kuwatumia jamaa zao mashambani. Waliweka pesa ya mauzo kwenye simu kabla ya safari, wakaitoa mwisho wa safari, wasiibiwe njiani. Walilipiana madeni. Wenye mradi waliona hayo, wakaacha mikopo kando, na Machi 2007 huduma ikafunguliwa nchi nzima kama M-Pesa, kwa maana rahisi ya kutuma pesa nyumbani.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo majukwaani haitajwi. Menyu ya huduma hiyo iliwekwa ndani ya laini yenyewe, na maagizo yakapita kama ujumbe mfupi uliofichwa kwa siri. Ilibidi. Simu za wale wateja zilikuwa kabambe, hazikuwa na intaneti. Kwa hivyo pesa ya Kenya ilijengwa juu ya 2G, na sehemu kubwa ya msingi huo bado iko hapo. Mama anayeuza nyanya soko la Madaraka akiwa na mulika mwizi anapokea pesa sawasawa na mwenye simu ya laki moja.

Turudi kwa ile herufi. Inabadilikaje?

Simu ikiwa imetulia mfukoni, inasikiliza. Kila mnara unatangaza masharti: mimi ni nani, majirani zangu ni hawa, pendelea 4G kwanza, nguvu ikishuka chini ya kiwango hiki tafuta 3G, ikishindikana 2G. Simu inapima na kuhama yenyewe, lakini kwa kufuata masharti hayo. Nani anayaandika? Kampuni ya mtandao. Simu ikiwa haina kazi, yeye ndiye mtunga sheria.

Ukiwa unaongea, mambo ni tofauti. Hapo simu haiamui kabisa. Kwenye 2G, inapeleka ripoti ya nguvu za minara sita jirani karibu mara mbili kila sekunde, na mtandao ndio unaosema: hamia ule. Fikiria uko kwa matatu kutoka Ruiru, umepita Juja, unaelekea Witeithie na dereva ana haraka zake. Umebishana na shemeji yako dakika kumi, umepitishwa mnara hadi mnara mara kadhaa, na hukusikia hata mkwaruzo. Hiyo kazi ni nzuri sana, na hakuna anayeipigia makofi.

Simu pia imefundishwa isiwe na papara. Ingekuwa inahama kila upepo ukivuma, ingerukaruka kati ya minara na kumaliza betri. Kwa hivyo ikishuka inangoja kidogo kabla ya kupanda. Ndiyo maana wakati mwingine umekaa kwenye E na mwenzako hapo kando ana 4G. Wengi wetu tunajua dawa: unaweka simu hali ya ndegeni, unaitoa, inaanza kutafuta upya.

Halafu kuna jambo linalowashangaza watu. 4G iliundwa kubeba data tu. Haikuwekewa njia ya sauti ya aina ile ya zamani. Kwa hivyo kwa miaka mingi, ukipigiwa simu ukiwa 4G, simu yako ilishuka haraka hadi 3G au 2G, ikapokea, halafu ikapanda tena ukikata. Siku hizi kuna VoLTE, yaani sauti juu ya 4G, lakini lazima simu, laini na mtandao vyote vikubaliane. Kimoja kikikosa, unashuka kama zamani.

Basi kwa nini Ruiru, mji uliobanana na Nairobi, ushuke hadi E?

Hesabu ya watu ya 2009 ilikuta Ruiru kama 238,000. Ya 2019 ikakuta karibu 490,000. Thika ilikuwa kama 251,000 mwaka huohuo, yaani Ruiru imekuwa karibu mara mbili ya Thika. Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa 2012 na mashamba ya kahawa yakaota maghorofa. Mnara mmoja una uwezo wake. Saa mbili usiku, kila nyumba ya kupanga ina mtu anayetazama video. 3G ina tabia ya pekee: watumiaji wakizidi, eneo la mnara husinyaa, na aliye pembezoni huachwa nje. Akiachwa, anaanguka 2G.

Na kuta. Masafa ya chini hupenya mawe kuliko ya juu. 2G yetu ilianzia megahezi 900, 3G ikaanzia 2,100. Chumba cha ndani cha ghorofa la mawe, dirisha linatazama ukuta wa jirani: la juu linagonga ukuta, la chini linaingia. E tena.

Kwa hivyo ile asilimia ya jukwaani inahesabu nini? Watu wanaoishi mahali ambapo mawimbi yanafika. Haiulizi kama uko ndani ya nyumba, kama mnara umejaa, au kama una simu ya 4G. Mtu anaweza kuwa ndani ya asilimia hiyo akiwa na kabambe isiyojua 4G ni nini.

Masafa yenyewe ni mali ya umma, na hapo siasa ina haki ya kuingia. Leseni ya kwanza ya 3G, 2007, iligharimu dola milioni 25. Washindani walilalamika kwamba ni ghali, na 2010 ada ikashushwa hadi dola milioni 10, aliyelipa kwanza naye akanung'unika. 4G ilifika sokoni Desemba 2014, baada ya makubaliano ambapo kampuni iliyopewa kandarasi ya mtandao wa usalama wa polisi, takriban shilingi bilioni 14.9, ilipata pia masafa ya 4G. Bunge lilijadili sana. Ukisikia mtu anasema teknolojia haina siasa, muulize masafa ya megahezi 800 yaligawanywaje.

Kodi pia. 2009 serikali iliondoa VAT kwa simu za mkononi. 2013 ikairudisha. Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu za 4G kikafunguliwa Athi River, za bei nafuu kabisa zikiwa shilingi 7,499. Kwa mwenye mshahara hiyo ni nafuu. Kwa anayeuza sukuma Makongeni ni mtaji wa wiki kadhaa, na kabambe yake bado inafanya kazi.

Sasa tumefika penye moto. Kuna sauti, hapa na nje, zinazosema mitandao ya zamani izimwe ili masafa yake yapewe 4G na 5G. Hoja yenyewe si ya kijinga. Kulisha vizazi vinne kwa umeme na vipuri ni ghali, na megahezi 900 zinazotumiwa na 2G zingefika ndani ya yale maghorofa ya Ruiru vizuri sana. Anayeishi huko na anafanya kazi ya mtandaoni ana haki ya kudai.

Lakini tazameni wenzetu. Marekani, AT&T ilizima 2G Januari 2017 na 3G Februari 2022. Ujerumani walizima 3G 2021 wakaiacha 2G, na Uingereza ilipoanza kuzima 3G ilisema 2G ingeweza kubaki hadi 2033. Australia, ambako 2G ilishazimwa, ilibidi kuahirisha kuzima 3G hadi mwisho wa Oktoba 2024. Iligundulika kwamba kuna simu zenye 4G nzuri tu kwa data ambazo, ukipiga nambari ya dharura, zinashuka 3G. 3G ikiondoka, zingepiga hewa. Afrika Kusini nayo imesogeza tarehe yake hadi Desemba 2027.

Sisi tuna kumbukumbu yetu wenyewe. Usiku wa tarehe 30 Septemba 2012, Tume ya Mawasiliano iliamuru simu feki zizimwe. Karibu simu milioni 1.9 zilinyamaza. Sababu zilikuwepo, usalama na ubora. Lakini wengi walionunua hawakujua ni feki. Walinunua dukani, kwa bei waliyoiweza, na asubuhi kioo kikasema hakuna mtandao. Hizo zilikuwa milioni mbili kasoro. Ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano bado zinahesabu makumi ya mamilioni ya kabambe. Ongeza vifaa vya kufuatilia magari na mashine za kulipia kadi zinazoongea 2G.

Maoni yangu, na mnaweza kukataa: kati ya vizazi viwili vya zamani, 3G ndiyo itangulie kuondoka. Inakula masafa, wengi wenye simu ya 3G wanaweza kusukumwa 4G au kushuka 2G, na pesa haitegemei hiyo. Kuzima 2G kwanza ni kumwambia mwenye kabambe anunue simu au apoteze mkoba wake. Anayeahidi hilo jukwaani aseme pia nani atalipia simu hizo, na kwa mwaka gani wa fedha.

Najua wapo watakaoandika hapa chini kwamba 2G imeshakufa, wao hawajaiona miaka. Sawa. Kabla ya kuandika, kaa kwenye 4G, piga *144# uangalie salio lako, na usitazame salio. Tazama ile herufi juu ya kioo. Kwa simu nyingi itashuka sekunde chache, ichukue jibu huko chini, kisha irudi juu kama kwamba haikuenda popote.