Gita la Besi na Mwenye Vyombo

Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya, ikisha kuliacha bonde la Ruaha Mbuyuni, hupanda mlima Kitonga kwa mizunguko mingi, na baada ya kufika juu haichukui mwendo mrefu kuingia Ilula, mji wa nyanya na vitunguu, kilometa zipatazo 45 kabla ya Iringa. Wasafiri huujua mji huo kwa matenga yaliyopangwa kando ya njia. Ni wachache wakumbukao kwamba kwa njia hiyo hiyo vilipandishwa vyombo vya muziki wa dansi: magita, ngoma, vipaza sauti, na lile sanduku zito liitwalo amplifaya, ambalo aghalabu lilikuwa limekwisha kutumiwa na watu wengine kabla ya kupakiwa katika lori.

Nyimbo za dansi za Tanzania zimeandikiwa mengi, na waimbaji wake wamesifiwa kwa haki. Vyombo vyenyewe havikupata bahati hiyo. Lakini mtu asomaye habari za bendi hizo kwa uangalifu huona kwamba swali dogo, yaani gita hili ni la nani, hufungua maswali mengi makubwa: kwa nini bendi fulani ilibadili jina, kwa nini nyingine ilivunjika ilhali wapigaji wake hawakugombana, na kwa nini fundi mwenye sifa nchi nzima alirudi nyumbani usiku mikono mitupu.

Gita la besi la umeme si chombo cha kale. Leo Fender wa Fullerton, California, alilitoa mwaka 1951 na kuliita Precision, maana vyuma vilivyopangwa shingoni vilimwezesha mpigaji kuipata sauti barabara bila ya kukisia, kama alivyolazimika kufanya katika besi kubwa la kusimama. Mwaka uliofuata ilitoka amplifaya ya kulitumikia, iliyoitwa Bassman. Uzi mnene wa besi hutoa mitetemo 41 hivi kwa sekunde, nusu ya ile ya uzi mnene wa gita la kawaida. Jambo hili laonekana kuwa la wataalamu tu, lakini ndilo lililoamua gharama. Spika itoshayo gita la solo hupasuka ikibebeshwa besi. Besi hutaka spika pana, sanduku kubwa na nguvu nyingi za umeme. Kwa hiyo bendi iliyotaka besi ilinunua vitu viwili, na kile cha pili kilikuwa kizito na mara nyingi ghali kama cha kwanza.

Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932 na Morogoro Jazz mwaka 1944, zamani kabla ya vyombo vya namna hii. Katika siku hizo vijana waliweza kuchangiana na kuanza. Umeme ulipoingia katika dansi miaka ya 1960, mchango wa vijana haukutosha tena. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilichoundwa mwaka 1964, kilianzisha bendi yake, kikanunua vyombo na kuwalipa wanamuziki mshahara kama watumishi wengine. Mfano huo ukafuatwa na wengi: kiwanda cha nguo cha Urafiki, Umoja wa Vijana wa TANU, polisi na majeshi. Iringa nayo ilipata bendi ya namna hiyo katika miaka ya 1980, pale kampuni ya kukata almasi, Tancut, ilipokuwa na Tancut Almasi Orchestra, ambamo ndugu mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa waliimba.

Mshahara wa mwezi ulikuwa neema, wala haifai kuudharau. Mpigaji wa bendi ya binafsi alitegemea viingilio vya mlangoni, na mvua ikinyesha Jumamosi alilala njaa. Lakini neema hiyo ilikuwa na sharti lisiloandikwa. Jina la bendi lilimfuata mwenye vyombo, si wapigaji: NUTA Jazz ikawa Juwata Jazz, kisha OTTU Jazz, kadiri chama kilivyobadilika, na ndipo baadaye ikabaki na jina la mtindo wake wenyewe, Msondo Ngoma. Nao wapigaji walimfuata mwenye vyombo vizuri zaidi. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wa Juwata, akiwamo Muhidin Gurumo, walikwenda kuanzisha Mlimani Park chini ya shirika la usafiri na teksi. Mwaka 1983 bendi hiyo ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima aliwavuta wanamuziki kadhaa wa Mlimani, Gurumo akiwa mmoja wao, waende Orchestra Safari Sound. Watu walisema ni tamaa ya fedha. Yawezekana. Lakini fundi asiye na gita lake, je, alikuwa na uaminifu gani wa kuuvunja? Alichokuwa nacho ni vidole vyake, na vidole havilii bila ya chombo cha mtu mwingine.

Zaidi ya bei palikuwa na njia yenyewe. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalianza kupita hapa katika malori, na barabara, ambayo wakati huo ilikuwa ya vumbi na matope, ikapewa kwa Kiingereza jina lenye maana ya mbio za jehanamu. Lami ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Amplifaya za wakati huo nyingi zilikuwa za vali, nazo vali ni chupa za kioo zenye nyaya nyembamba ndani yake. Si vigumu kuwazia hali ya chupa hizo baada ya siku nzima ya makorongo. Wapendao sauti huko Ulaya husema hata leo kwamba vali zapita transista kwa uzuri, na pengine wana haki. Lakini hao hawakupandisha amplifaya zao Kitonga juu ya magunia. Kwa bendi ya bara, transista nyepesi isiyovunjika ilikuwa chombo bora zaidi, hata kama sauti yake ilikuwa kavu.

Kisha ikaja dhiki ya fedha za kigeni, iliyozidi baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Uzi wa gita ukawa kitu cha kuombwa kwa msafiri. Ndipo biashara ya vyombo vilivyokwisha kutumika ilipopata maana yake kamili, kwa kuwa kipya hakikuwapo dukani, na kila gita lilikuwa na historia ya mikono iliyotangulia. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni bila ya kuulizwa zilikotoka, na tangu hapo milango ikaanza kulegea.

Kununua gita kuukuu ni elimu. Mnunuzi mwenye busara hulishika kama seremala ashikavyo ubao, akafumba jicho moja na kuitazama shingo kwa urefu wake, maana nyuzi za besi huvuta kwa nguvu nyingi na shingo iliyopinda haimwachii mpigaji raha. Hupapasa vyuma vya shingoni aone vilivyolika. Huzungusha vifundo, vikikwaruza ni vumbi tu, na vumbi hutoka. Rangi mpya humtia shaka zaidi kuliko rangi iliyobabuka, kwa sababu rangi mpya huficha ufa. Wala haidanganyiki na mlio wa nyuzi: wapigaji wengi wajua kwamba nyuzi zilizozeeka zikichemshwa majini hutoa mafuta na uchafu wa vidole, zikalia kama mpya kwa siku chache. Muuzaji mjanja huzichemsha usiku wa kuamkia mauzo.

Amplifaya hutaka subira zaidi. Yafaa iachwe iwake saa nzima, kwani maradhi yake mengi huja ikipata joto, na muuzaji mwenye haraka huiwasha dakika tano. Iliyotengenezwa kwa ajili ya umeme wa Marekani wa volti 120, ikichomekwa bila ya transfoma katika volti 230 za Tanzania, huungua papo hapo.

Kuna kipimo kingine cha ukuukuu, ambacho hakikuwahi kutumika Iringa. Januari 1965 Fender aliiuza kampuni yake kwa CBS kwa dola milioni 13, na wakusanyaji wa Marekani na Ulaya huvithamini mno vyombo vilivyotengenezwa kabla ya mwaka huo. Kwao miaka huongeza bei. Mnunuzi wa bara aliuliza jambo moja tu: gita hili limebakiwa na madansi mangapi?

Tancut Almasi haipo tena, na kumbi nyingi za dansi zimekufa. Gita la besi halikufa, limehamia kanisani. Wanunuzi wake wakubwa katika nyanda hizi sasa ni kwaya, na kwaya ya wakulima haina mshahara wa mwezi: michango hupanda na kushuka pamoja na bei ya nyanya. Huchangishana, wakamtuma mtu ajuaye kutazama shingo, na chombo kikifika huandikwa katika daftari la mali za usharika. Mpigaji hulipiga Jumapili, akalifuta jasho, akalirudisha kabatini; na ufunguo hukaa kwa mwenyekiti.