Dakika 51 za Kuinasa Nebula ya Jabari

Usiku wa Septemba 30, 1880, huko Hastings-on-Hudson katika jimbo la New York, Marekani, daktari Henry Draper aliielekeza darubini yake ya sentimita 28 kwenye upanga wa kundinyota la Jabari. Akaacha mwanga uingie kwenye sahani ya kioo kwa dakika 51. Alipoisafisha picha, wingu likajitokeza. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kupiga picha ya nebula.

Fani ya kupiga picha za anga aliirithi. Baba yake, John William Draper, aliupiga picha Mwezi mwaka 1840. Lakini Mwezi unang'aa, ilhali nebula ni gesi iliyotawanyika, mwanga wake hafifu mno. Sahani za zamani zilipakwa dawa mbichi. Ikikauka, kazi imeharibika. Sahani kavu za jelatini ndizo zilizoleta subira angani, na kwangu mimi zinastahili sifa sawa na darubini yenyewe. Jicho, hata likodolewe usiku kucha, halijumlishi mwanga. Sahani hujumlisha, mradi darubini izifuate nyota bila kuyumba.

Machi 1882 Draper alifikisha dakika 137. Novemba mwaka huohuo akafariki, akiwa na miaka 45 tu.

Januari 1883, Andrew Ainslie Common, akiwa Ealing, London, alitumia darubini yenye kioo cha sentimita 91, na picha yake ikaonyesha hata nyota ambazo jicho halikuziona kwa darubini. Hapo kamera ilikoma kuwa msaidizi wa mchoraji anayetegemea jicho lake.

Hata hivyo, wekundu tunaouona leo katika picha za nebula haukunaswa na yeyote kati yao. Haidrojeni ikipigwa na miale ya urujuanimno kutoka kwa nyota changa hung'aa kwa wekundu, na sahani za enzi hizo zilikuwa pofu kwa rangi hiyo. Zilipokea buluu na urujuani.

Mjane wa Draper, Anna, hakuiacha kazi ife. Tangu 1886 fedha zake ziligharimia upigaji picha wa anga katika Chuo Kikuu cha Harvard. Huko Williamina Fleming, Mskoti aliyeanza kama mtumishi wa nyumbani kwa mkurugenzi wa kituo cha anga cha chuo hicho, alikagua sahani ya mwaka 1888 na kuona pengo jeusi limeingia ndani ya nebula angavu, kusini mwa nyota mojawapo ya mkanda wa Jabari. Leo pengo hilo linaitwa Nebula ya Kichwa cha Farasi.