Machozi ya Mexico Mpakani

Tukifundisha historia ya uhakiki, tusiisahau Busia. Miaka ya 1990 KBC ilionyesha The Rich Also Cry, tamthilia ya mapenzi ya Mexico ya mwaka 1979. Kihispania chake kilikwisha kugeuzwa Kiingereza. Asiyekielewa alisimuliwa upya kwa Kiswahili, Kisamia au Kiteso. Wapo wahakiki waliolalamika kwamba machozi yamezidi. Sisi twaona msimulizi ndiye aliyehakiki kweli, kwani alichagua nani aonewe huruma na nani achekwe. Ng'ambo, hadi Tororo, veejay hutafsiri filamu kwa Kiluganda na kutia kejeli zake katika bibanda (ndugu wa vibanda vyetu). Masimulizi yale ya sebuleni hatukuyarekodi, na wasimulizi wanazeeka.