Kapo ya Tanganyika Iliyoteka Sebule za Ulaya: Mama Akichoka, Baba Anapokea

Ukitaka kufuga samaki geto kwako Mabibo, wengi watakuambia uanze na wale wa rangi ya dhahabu, asili yao China. Kumbe mastaa wako hapa hapa, Ziwa Tanganyika!

Wanaitwa gobi wa Tanganyika. Gobi wenyewe ni vijisamaki, vingi vya baharini, vinavyotulia chini. Hawa wa Tanganyika ni ndugu wa sato, ila nao hawaelei vizuri, wanarukaruka tu juu ya mawe. Jina likawaganda.

Mwaka 1898, mtaalamu George Boulenger wa London aliwapa jina la kisayansi, Eretmodus cyanostictus. Yeye alikuwa na samaki waliokufa, na maiti haioneshi mapenzi. Walipokuja kufugwa wakiwa hai, watu wakajionea: jike anatunza mayai mdomoni siku kadhaa, kisha anamkabidhi dume watoto, naye anamalizia kulea mdomoni mwake.

Ila kuwafuga si lelemama. Wanataka maji magumu yenye hewa nyingi. LUKU ikiisha usiku pampu ikazima, familia nzima inaweza kufa.

Sasa wewe baba kijana, kubadilisha pampasi tu unakimbilia kijiweni?