Ukinzani wa Kurithi na Hatari ya Mfanano: Funzo la Nyasi ya Merion

Wauzaji wa mbegu hutangaza kwamba aina fulani ya nyasi "ina ukinzani wa magonjwa", kana kwamba ukinzani ni sifa moja isiyogawanyika. Makala hii inadai kwamba ukinzani wa kurithi haupimwi kwa kuutazama mmea peke yake. Sharti tuulize pia ni kuvu ipi inayozuiwa, na ni eneo kubwa kiasi gani limefunikwa na urithi uleule.

Mwaka 1936, Joseph Valentine, msimamizi wa viwanja vya Merion Golf Club huko Pennsylvania, Marekani, aliona kiraka cha nyasi ya Poa pratensis kilichokuwa kifupi, kilichosongamana na chenye kijani iliyokolea. Mbegu zake zilitolewa rasmi mwaka 1947 kwa jina la Merion. Sifa yake kuu ilikuwa kustahimili kuvu ya Drechslera poae, ambayo katika machipuko yenye baridi na unyevu hutia majani madoa ya zambarau, kisha hushuka hadi kwenye kitako cha mmea na kuuacha uwanja na vipara.

Urithi huo ulienea bila kubadilika kwa sababu ya namna nyasi hii inavyozaa. Sehemu kubwa ya mbegu za Poa pratensis huundwa kwa apomiksisi: chavua huhitajika ili akiba ya chakula cha mbegu iundwe, lakini kiinitete hutokana na mama pekee. Kwa hiyo, mamilioni ya miche ya Merion yalikuwa karibu nakala za mmea mmoja. Kilichoukinga mmea mmoja kiliikinga yote. Kilichoupungukia mmoja kiliipungukia yote.

Upungufu huo haukukawia kujitokeza. Merion ilishambuliwa vibaya na kuvu ya kutu, halafu na ile ya fugwe ya mistari. Fugwe hii huishi ndani ya mmea mwaka hadi mwaka. Jani hupata mistari myeusi, hupasuka kwa urefu na kumwaga viiniyoga vyeusi kama masizi. Ieleweke kwamba ukinzani wa awali haukuvunjwa. Adui mwingine ndiye aliyeingia, na hakukuta mmea jirani wenye urithi tofauti wa kumpunguza kasi.

Mpinzani wa hoja hii atasema dawa ni kukusanya jeni nyingi za ukinzani katika aina moja. Ana haki kwa kiasi: ukinzani unaotokana na jeni nyingi kwa kawaida hudumu kuliko ule wa jeni moja. Hata hivyo, ukinzani ulioenezwa kila mahali huipa kuvu inayobadilika uwanja mpana: kutu ya shina la ngano iitwayo Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, iliishinda jeni ya Sr31 ambayo wazalishaji walikuwa wameitia katika aina nyingi za ngano duniani. Kwa Merion kuvu ilikuwa nyingine. Kwa ngano kuvu ileile ilibadilika. Visa vyote viwili vilikuzwa na mfanano wa mashamba.

Hivyo, kuchanganya aina tatu au zaidi zenye rangi na upana wa jani unaolingana, lakini zenye ukinzani wa vyanzo tofauti, ni sehemu ya kinga yenyewe. Ripoti za majaribio ya mbegu nazo zitaje wazi magonjwa ambayo kila aina haiyawezi, kwani mchanganyaji asiyejua udhaifu wa mbegu zake anaweza kuchanganya majina matatu yenye udhaifu mmoja.