Saa nane kasoro dakika tano, Mto Ohio: muda ndani ya picha pana za bandari

Jumapili ya tarehe 24 Septemba 1848, wapiga picha wawili, Charles Fontayne na William S. Porter, walisimika kamera yao juu ya paa katika mji wa Newport, jimbo la Kentucky, Marekani, wakailekeza ng'ambo ya Mto Ohio. Mbele yao ulitandaa mji wa Cincinnati: kiasi cha kilomita tatu za ukingo, meli za mvuke zimefungwa gatini moja baada ya nyingine, nyuma yake maghala, minara ya makanisa, na nyumba zinazopanda kuelekea vilimani. Hapakuwa na lenzi iliyoweza kuumeza mji wote huo kwa mkupuo. Wakaugawa vipande vinane, bamba baada ya bamba, kila mara wakiigeuza kamera kidogo. Mabamba hayo manane yangalipo, katika hifadhi ya maktaba ya umma ya Cincinnati, na ni miongoni mwa picha kongwe za mji wa Marekani zilizosalia. Kwa kawaida panorama za namna hii husifiwa kwa ukubwa wa mahali zinapopaonyesha. Nadhani sifa hiyo inaacha jambo kubwa zaidi. Picha pana ya bandari ni kumbukumbu ya muda kabla ya kuwa kumbukumbu ya mahali, na anayeitazama bila kuuliza ilichukua muda gani, na kitu gani kilisogea wakati huo, amepoteza nusu ya kilichomo.

Mabamba ya Cincinnati ni ya aina iliyoitwa dagerotaipu, ufundi usio na negativu. Bamba la shaba lilipakwa fedha na kung'arishwa, likafukizwa mvuke wa iodini ili liweze kushika mwanga, na baada ya kupigwa likafukizwa zebaki iliyopashwa moto, ndipo picha ikajitokeza juu ya bamba lenyewe. Kila moja ni nakala pekee duniani. Kwa kuwa hazina chembe kama zile za filamu, dagerotaipu nzuri hubeba undani unaopita uwezo wa jicho tupu. Wahifadhi wa jumba la makumbusho la George Eastman huko Rochester walipoyaweka mabamba haya chini ya hadubini, katika mwongo wa kwanza wa karne hii, walikuta saa kwenye mnara wa kanisa, uso wake ukiwa na upana wa takribani milimita moja tu, na akrabu zake zikasomeka: saa nane kasoro dakika tano mchana. Tarehe nayo ilipatikana ndani ya picha. Watafiti walizitambua meli zilizokuwa gatini, wakazilinganisha na taarifa za safari zake na kina cha maji ya mto, wakaipata siku moja ambayo vyote viliafikiana. Mandhari pekee yasingeweza kuitoa tarehe hiyo, kwa sababu vilima havikuhama. Zilizoitoa ni meli zilizokuwa zikienda na kurudi.

Kabla ya kamera, kazi hii ilikuwa ya wachoraji. Robert Barker, aliyepewa hataza ya panorama Uingereza mwaka 1787, alichora miji kwenye turubai la mviringo na kuwasimamisha watazamaji katikati, wakilipa kiingilio ili wajione wamezungukwa na Edinburgh au London. Mchoraji alikuwa na uhuru ambao mpiga picha hakuupata: aliweza kulisimamisha jua. Kazi ingeweza kuchukua miezi, na bado vivuli vyote vikalala upande mmoja na moshi wote ukafuata upepo mmoja. Mpiga picha wa mabamba hakuwa na amri hiyo. Alipokuwa akiandaa bamba la pili, kivuli cha ghala kilikwisha kusogea, na pengine meli imekwisha kung'oa nanga. Zitazame picha 13 alizopiga Eadweard Muybridge mwaka 1878 kutoka mnara wa nyumba ya tajiri Mark Hopkins, kilimani San Francisco: mji kwa mzunguko kamili, na ghuba kwa mbali, katika utepe wa zaidi ya mita tano. Vifuate vivuli kutoka picha hadi picha, utaona vinahama kadiri saa zinavyokwenda, na mahali pamoja vinaruka ghafla, kwa kuwa bamba moja lilipigwa saa tofauti na majirani zake. Wengi huiita hiyo dosari. Kwangu ndiyo sehemu yenye taarifa nyingi kuliko zote, maana inaonyesha jinsi kazi ilivyofanyika.

Hapo atatokea mtu aseme kwamba basi picha hiyo ni uongo, kwa kuwa inaonyesha mandhari ambayo hakuna jicho lililowahi kuyaona kwa pamoja. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama bandari ingekuwa na dakika moja inayoiwakilisha. Haina. Bandari ni kufika na kuondoka, kupakia na kupakua, maji kujaa na kupwa. Picha ya nukta moja huonyesha gati lililogandishwa, hali ambayo hakuna mchukuzi wala baharia anayeijua. Hata mtu aliyesimama ukingoni hauoni ukingo wote kwa pamoja. Hugeuza shingo, huanza upande mmoja na kumalizia upande wa pili, na kati ya hapo mambo yamebadilika. Kamera ya Cirkut, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1904, iliifuata njia hiyohiyo kwa mtambo: ilijizungusha yenyewe juu ya miguu yake huku filamu ikipita nyuma ya ufa mwembamba. Mishono ikatoweka, muda ukabaki. Mashua iliyokwenda upande mmoja na lenzi ilitoka ndefu kuliko ilivyo, iliyokwenda kinyume ikatoka fupi, na gati lililonyooka likapinda mfano wa upinde. Simu za leo, unapozigeuza polepole kupiga ufuo mzima, hufanya vivyo hivyo. Mashua iliyorefuka imetuachia habari: ilikuwa ikienda, na ilikuwa ikielekea wapi.

Pingamizi la pili linagusa nia. Picha hizi zilipigwa na watu waliokuwa na kitu cha kuuza au kutukuza. Felice Beato alipopiga panorama ya bandari ya Hong Kong mwaka 1860, kilichojaa majini ni meli zilizokuwa zikijiandaa kwenda kaskazini kuivamia China. Bernhardt Holtermann, aliyetajirika kwa dhahabu ya Hill End huko Australia, alijenga nyumba yenye mnara kaskazini mwa bandari ya Sydney, akamweka kazini mpiga picha Charles Bayliss, na mwaka 1875 chumba cha mnarani kikageuzwa kamera, kikitoa negativu za kioo zilizofikia upana wa mita 1.6. Utepe mwingine wa picha 23, wenye urefu wa karibu mita kumi, ulipelekwa kwenye maonyesho ya Philadelphia mwaka 1876 na ya Paris mwaka 1878, ili kuwavuta wahamiaji kwenye koloni. Hata mabamba ya Cincinnati yalipelekwa Philadelphia kuwania tuzo, na yakaipata. Yote hayo ni kweli, nami siyapunguzi. Anayelipa huamua kamera isimame wapi na ielekee wapi. Ila hawezi kuiamuru bandari nzima ikae vizuri kama mtu aliyekuja studio. Holtermann alitaka kuonyesha ustawi, akapata na mapaa na nyua za majirani zake, na mengine ambayo hakuwa na sababu ya kuyatangaza. Anayelitafuta leo Jumba la Opera la Sydney kwenye picha hizo atakuta mahali pake ngome ya Macquarie, iliyobomolewa mwaka 1901. Naye George Lawrence, aliyeinua kamera nzito kwa vishada hadi kiasi cha mita 600 juu ya ghuba ya San Francisco, wiki chache baada ya tetemeko la Aprili 1906, aliuza nakala kwa faida kubwa. Na bado picha yake ndiyo inayotuonyesha mitaa ilivyoteketea, pamoja na kilima ambako Muybridge alipanda mnara wa Hopkins.

Pingamizi la tatu sina jibu lake kamili. Kamera ya polepole huwaona waliotulia. Katika picha ya Daguerre, mvumbuzi wa dagerotaipu, ya barabara ya Boulevard du Temple, Paris, ya mwaka 1838, barabara yenye pilikapilika inaonekana tupu, isipokuwa mtu mmoja aliyesimama akipigwa rangi viatu. Gatini ni hivyohivyo: meli iliyofungwa inabaki, mchukuzi mwenye mzigo begani anafifia au anatoweka. Mwenye ghala ana jina lake kwenye kibao, na kibao hakisogei. Kwa Cincinnati jambo hili ni zito, kwa sababu Fontayne na Porter walisimama Kentucky, jimbo la utumwa, wakapiga Ohio, jimbo lisilo na utumwa, na maji yaliyo kati ndiyo mpaka ambao watoro waliuvuka kwa hatari ya kukamatwa na kurudishwa. Harriet Beecher Stowe, ambaye miaka minne baadaye angetoa kitabu chake dhidi ya utumwa, alikuwa bado mkazi wa Cincinnati. Jirani na gati waliishi Weusi huru waliofanya kazi melini na bandarini. Nyumba zimeingia pichani kwa ukamilifu, wenye nyumba kwa bahati tu.

Ndiyo maana naona ni kosa kuzitoa panorama hizi mtandaoni kama utepe mmoja uliolainishwa, bila kingo. Picha jirani kwa kawaida hupishana kidogo, kwa hiyo kipande kimoja cha ukingo hurekodiwa mara mbili, dakika kadhaa mbali. Programu ya kuunganisha huchagua rekodi moja na kuitupa nyingine, na kinachotupwa ndicho kingeweza kumwonyesha mtu aliyekuwapo kwenye bamba moja na hayupo kwenye lile la pili. Maktaba ziutoe utepe, wasomaji wataufurahia. Ila pamoja nao zitoe kila bamba peke yake, kingo zote zikiwemo, kwa mpangilio wa saa lilipopigwa pale unapojulikana.